Majivu Kwenye Ukoka

Jirani yetu aliniona kabla mimi sijamwona. Nilikuwa nimeinama, kopo mkononi, nikirudi kinyumenyume na kumwaga kidogokidogo kama nilivyofundishwa kwetu. Jua lilikuwa bado halijatoka. Yeye alikuwa amekwisha kuwasha jiko la vitumbua mlangoni kwake.

"Wewe kijana, unamwaga nini hapo?"

Neno lilikuwa moja tu: mbegu. Ningelisema, ningeendelea na kazi yangu, naye angegeuza vitumbua vyake. Badala yake nilificha kopo nyuma ya mgongo, nikamwamkia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, nikaingia ndani. Nilipochungulia dirishani alikuwa amechuchumaa kwenye ukoka. Aligusa chini kwa kidole, akakisogeza karibu na macho. Kilikuwa na majivu.

Mimi ni mtu wa Usinge. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani miaka miwili nikimsaidia mama kwenye tumbaku, kisha mjomba wangu, ambaye ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, akasema niletwe nijifunze kushona. Mbele ya nyumba yake na ya jirani kuna kipande kirefu cha ukoka kisicho na mwenyewe. Watu wa mtaa husema ni mabaki ya njia ya misafara ya zamani, na ndiyo maana hakuna aliyejenga juu yake. Kila baada ya majuma kadhaa mtu hukifyeka, kikabaki kifupi, cha rangi moja tu.

Kwetu, pale msitu unapoishia na mashamba yanapoanza, mvua zikishika hata nyasi hazionekani kwa maua. Kuna ya njano ya marejea pori, ambayo maganda yake yakikauka hulia ukiyatikisa. Kuna ya zambarau hafifu yanayoinama kama kengele. Kuna ya rangi ya chungwa yanayozunguka shina, fungu juu ya fungu. Nilipokwenda kumsalimu mama wakati wa kiangazi, nilichuma mbegu zake kwa siku tatu, nikazifunga kwenye karatasi za daftari na kurudi nazo kwenye treni zikiwa ndani ya shati. Sikumwambia mtu. Niliona haya, kijana mzima kubeba maua.

Mbegu nyingine zilikuwa ndogo kama za tumbaku, na kwetu mbegu ndogo namna hiyo haimwagwi peke yake. Huchanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa, ili isirundikane, na ili mpandaji aone palipopata na palipokosa. Kila mkulima wa tumbaku anajua hivyo. Lakini jirani yetu alizaliwa mjini na kukulia mjini. Kwake mtu anayetoka alfajiri, akainama mbele ya nyumba ya mwenzake na kurudi kinyumenyume akimwaga majivu, ana jina jingine kabisa. Hilo sikuliwaza. Niliwaza tu kwamba saa ile hapana wa kunicheka.

Siku ya tatu mtoto wake aliugua.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, wa miaka minne. Baba yake alikwisha kufariki. Nilimsikia mtoto akilia tangu asubuhi, kisha nikaona anabebwa mgongoni kwenda zahanati, kichwa kimelala upande. Mama yake alipopita mbele ya baraza letu hakuitikia salamu ya mjomba. Alinitazama mimi. Sindano ikaniingia kwenye kidole na sikuitoa mpaka alipopita.

Zahanati walisema ni malaria, wakampa dawa. Jioni ile jirani alitoka na mfuko wa chumvi ya mawe. Akaimwaga kwenye ukoka, mkono baada ya mkono, kuanzia ukutani kwake mpaka katikati ya kile kipande, huku midomo inacheza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nilijua chumvi inafanya nini kwenye mbegu, na nilijua siwezi kutoka kumwambia.

Kesho yake alikuja na mwenyekiti wa mtaa. Wakaketi barazani pamoja na mteja mmoja aliyekuwa anangoja suruali yake ipunguzwe.

"Fundi, sikuja kwa shari," mwenyekiti alisema. "Mama huyu ana neno lake. Nimeona bora lisemwe hapa kuliko lizunguke mtaani."

"Na lisemwe," mjomba alijibu, mguu bado uko kwenye cherehani.

"Nimemwona kwa macho yangu haya," jirani akasema. "Alfajiri. Anarudi kinyumenyume, anamwaga. Nimemuuliza, kaficha kopo. Kama ni cha heri, kafichia nini? Haya, siku ya tatu mwanangu kalala."

"Zahanati si wamesema malaria?" mjomba aliuliza.

"Malaria nayo inatumwa, kaka. Usinifanye mtoto."

Mwenyekiti akanigeukia. "Bwana mdogo, ulimwaga nini?"

"Mbegu."

"Mbegu za nini?"

"Za maua."

"Maua gani?"

"Ya porini."

Yule mteja alicheka mpaka akashika ubavu. "Ya porini! Si uyaache hukohuko porini? Yamekukosea nini?"

Jirani hakucheka. "Maua ya porini anapanda Mungu," alisema. "Na yale majivu? Mungu naye anatia majivu?"

Wote wakaningoja. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Yale maua ya zambarau yaliyo kama kengele ni ya mlenda pori, na hapana mtu wa Tabora asiyejua mlenda. Ningesema "mlenda," pengine yangeisha palepale. Lakini mimi sikuuchuma kwa ajili ya mboga, niliuchuma kwa ajili ya maua, na mtu akiniuliza kitu mbele za watu hunitoka lile la kwanza tu. La pili hunikwama. Nilifungua mdomo kuhusu majivu na tumbaku, nikaufunga.

"Mnaona?" jirani alisema polepole. "Mnaona wenyewe."

Mwenyekiti aliutazama ukoka. Kisha akasema mbegu huota, na kitu kisichokuwa mbegu hakioti. Mvua zi karibu. Pale pasifyekwe, pasichimbwe, na mimi nisipakanyage. Mvua ikinyesha, kila mtu ataona.

"Na isipoota?" jirani aliuliza.

"Isipoota tutakaa tena. Na siku hiyo sitakuja peke yangu."

Nilijua angekuja na nani. Nilipokuwa darasa la nne, katika kijiji cha jirani na kwetu, sungusungu walikaa kikao juu ya bibi mmoja ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Siku ya pili tulipopita kwenda shule nyumba yake ilikuwa imeteketea, na ndoo yake ya maji imepinduliwa njiani. Hakuna mwalimu aliyesema kitu. Sisi tulikimbia.

Walipoondoka mjomba alisimamisha cherehani. "Mjomba, nitazame usoni. Ni mbegu?"

"Ni mbegu, mjomba."

"Basi omba ziote. Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye baraza hili. Wakikufukuza wewe, mimi nitabaki namshonea nani?"

Mvua zilichelewa. Kila siku wingu lilijikusanya upande wa magharibi na kila siku lilitawanyika. Wateja wakaanza kupungua. Wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa, wakisema harusi imeahirishwa. Nilipokwenda bombani kuteka maji wanawake walinipisha, na si kwa heshima. Mtoto wa jirani alipona, akaanza tena kukimbiza gurudumu lake la waya, lakini likibingirika upande wetu mama yake alimvuta kwa mkono kabla hajafika. Mimi niliogopa zaidi kuliko yeye. Kila mtoto alipokohoa niliacha kushona na kuhesabu mara ngapi.

Nilikuwa nimebakiza mbegu kidogo kwenye karatasi moja. Nikawaza nizioteshe kwenye kopo, kisha nitoke kwa siri nikazipandikize. Niliwaza hivyo siku mbili. Ndipo nikajiona mwenyewe nimeinama tena pale alfajiri, na mikono imejaa udongo, na mtu amesimama nyuma yangu. Niliitia ile karatasi kwenye moto wa pasi.

Mvua ilikuja mchana mmoja kwa kishindo, ikanyesha siku nne. Ukoka ukawa kijani. Upande wa ukuta wa jirani, palipomwagwa chumvi, hata ukoka wenyewe uliungua, pakabaki madoa ya kahawia. Upande wetu niliangalia nikiwa nimesimama barazani, kwa sababu nilikatazwa kukanyaga. Nyasi. Nyasi tupu. Wiki ikapita. Nilikumbuka kwamba marejea ina ganda gumu, kwamba mama huiloweka kwanza, na mimi sikuiloweka. Nilikumbuka mbegu nyingine za porini hulala ardhini mwaka mzima zikingoja. Nani angenisubiri mwaka mzima? Nilifunga nguo zangu kwenye mfuko, nikauweka chini ya kitanda.

Wiki ya tatu, asubuhi, jirani alitoka na fyekeo bila kumngoja mwenyekiti. Mjomba alikuwa sokoni kununua uzi.

Alianza kwenye mtaro, mbali na ukuta wake, mahali ambapo chumvi haikufika. Alifyeka mara mbili, kisha akasimama. Akainama. Nilidhani ameona nyoka, au jambo baya zaidi, kitu ambacho hata mimi sikijui, na kwamba sasa atapiga yowe. Akachuma jani. Akalitia mate, akalisugua kati ya vidole viwili, akavitenganisha. Uzi mwembamba wa ute ukavutika katikati.

Akanigeukia. "Wewe! Njoo hapa!"

Nilikwenda. Sijui nilitembeaje.

"Hii nini?"

"Mlenda, mama. Mlenda pori."

"Najua mlenda! Mimi naonyeshwa mlenda leo?" Alizitenganisha nyasi kwa mguu. Vichipukizi vilikuwa vingi, vimejipanga kwa kufuata mkono wangu, vimefichwa na ukoka. "Yaani kijana wa watu unapanda mboga kwa siri kama mwizi wa kuku, unanitoa roho mimi, mlenda?"

"Nilitaka maua yake."

"Maua ya mlenda." Alinitazama muda mrefu. "Na majivu?"

Safari hii ilitoka. Kwa shida, kwa vipande, lakini ilitoka: kitalu, tumbaku, mama, mbegu zisirundikane. Alisikiliza huku amekaza macho kwenye mdomo wangu.

"Hebu chuma," akasema.

Nilichuma alichonionyesha. Akaingia nao ndani. Adhuhuri aliniita nyumbani kwake, ambako nilikuwa sijawahi kuingia. Alikuwa ameketi mkekani na mtoto yuko ubavuni kwake. Mbele yao kulikuwa na ugali, na bakuli la mlenda uliotiwa karanga.

"Kaa. Kula."

"Nimeshiba, mama."

"Sikukuuliza kama umeshiba."

Nikaelewa: nianze mimi. Nilinawa, nikamega tonge, nikachovya. Alinitazama nikitafuna, akatazama koo langu linavyoshuka. Sikuwahi kuonja mlenda mtamu kama ule. Nikamega la pili, la tatu. Yeye hakugusa. Nje watu walipita wakisalimiana, mtu akauliza bei ya vitumbua vilivyobaki, na hakuna aliyemjibu.

Mwishowe akamega tonge dogo, akalichovya, akalipuliza. Nilidhani atakula mwenyewe. Akampa mtoto.

Nilitaka kumshika mkono. Nilijua mlenda ni mlenda, nimeula maisha yangu yote. Lakini tumbo la mtoto linaweza kuuma kwa lolote, kwa embe bichi, kwa maji ya mtaro, na likiuma leo hakuna mwenyekiti atakayesema tusubiri mvua. Mtoto alikula. Akataka tena. Akalamba mkono wake mpaka kwenye kiwiko, na mama yake akamfuta.

"Haya," jirani akaniambia, "nenda kamsaidie mjomba wako kazi."

Nilirudi barazani. Mjomba alikuwa amerudi na uzi, akaniambia nitie vifungo kwenye shati la mteja. Nilitia kifungo kimoja mahali pasipo na tundu, nikakifumua. Mtoto alikuwa amelazwa, nyumba yao kimya. Saa nane ilipita, na saa tisa. Kila kimya kilipozidi nilijiambia ndiyo sasa, sasa atalia. Mjomba aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Karibu na saa kumi mlango wa jirani ulifunguka. Mtoto alitoka akiwa uchi, macho bado yana usingizi, akavuka ukoka moja kwa moja mpaka barazani kwetu. Mama yake alisimama mlangoni. Safari hii hakumvuta. Mtoto alinyoosha mkono akataka kibati cha vifungo.

Nilimpa. Alikaa miguuni pangu akivimwaga na kuvikusanya, na mimi nikaendelea kushona, nikisikiliza pumzi yake.