Kuvu Darini kwa Mama Pasi

Mwalimu, mteja wa siku nyingi wa Mama Pasi, hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa hiyo aliporudi na mashati yake, akasimama mlangoni akijikuna kisogo, Mama Pasi alijua kuna jambo.

"Mama, usinielewe vibaya. Mashati yananuka."

"Yananuka nini?"

"Kama chumba kilichofungwa muda mrefu."

Mama Pasi alichukua shati moja, akajifunika nalo usoni, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Sabuni na dawa za madoa zilikuwa zimeshaiua pua yake. Akaahidi kuyafua upya, akafunga mlango, akakaa chini. Tangu afiwe na mumewe alikuwa amemlea na kumsomesha binti yake kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, na hakuna aliyewahi kumrudishia hata leso.

Nyumba ilikuwa ya zamani, ya ukoo wa mumewe, yenye dari ya mbao na paa refu la vigae. Kila msimu wa mvua alihamishia kamba za kuanikia chumba cha nyuma, alimolala, akafunga madirisha joto lisitoroke, na shuka zikakaukia humo huku pasi ikifuka mvuke tangu asubuhi. Mlango mdogo wa kupandia darini ulikuwa umepinda, haufungi sawasawa, na mvuke ulipitia hapo kwenda zake juu. Zamani ulikuwa ukitokea nje. Lakini popo walipomchosha kwa kelele, Mama Pasi aliegesha ngazi ukutani akaziba kwa matambara matundu yote ya hewa chini ya paa. Popo walihama, akajiona fundi. Kwa kikohozi kilichofuata alisingizia vumbi la barabarani.

Baada ya maneno ya mwalimu alimwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa seremala.

"Shemeji, umekuja kunioa au kutazama dari?" alimtania alipoingia.

"Nikuoe halafu unikoholee usiku kucha? Tuanze na dari."

Akapanda na tochi. Mama Pasi alisikia magoti yake yakisogea juu ya mbao, kisha yakasimama. Aliposema tena, utani ulikuwa umemtoka.

"Shemeji, nani kaziba matundu huku?"

"Mimi. Kwani vipi?"

Akashuka kwanza, mabega yamejaa unga wa kijivu.

"Ni kuvu. Imetapakaa kwenye kenchi zote zinazobeba paa. Kwingine nyeusi, kwingine nyeupe kama pamba. Ile boriti ya katikati nimeichoma na bisibisi, imezama kama kwenye mkate."

"Paa linavuja?"

"Afadhali lingevuja. Vigae ni vizima. Maji yametoka humu humu ndani, kwenye kamba zako."

Mama Pasi alitazama shuka zilizoning'inia, nyeupe, zimenyooka. Alijisikia kama mtu aliyezabwa kofi mbele za watu.

"Usianike tena humu," shemeji aliendelea. "Usilale chumba hiki. Na usipande huko. Ile kuvu ukiisugua ikiwa kavu, vumbi lake lote linaingia kifuani. Nitaleta barakoa na mbao, nitaifanya kazi hiyo mwenyewe."

"Sawa, baba."

Alikubali kwa mdomo tu. Kesho yake aibu ikampandisha darini. Hakutaka mtu wa pili aje na lile neno, yananuka. Alifunga kitambaa puani, akabeba brashi ngumu na ndoo ya maji yenye siki. Mwanzoni alilowesha mbao vizuri. Ila maji yalipenya dari, yakaanza kudondokea shuka safi za mteja chini. Akasonya, akaisogeza ndoo pembeni, akaendelea kusugua mbao kavu.

Binti yake, aliyekuwa akisuka nywele saluni ya jirani, alikuja kumletea chakula cha mchana. Alisikia brashi ikikwaruza juu, ikasita, ikakwaruza tena, ikanyamaza.

"Mama?"

Aliona miguu ikining'inia kwenye mlango wa dari, ikitafuta ngazi bila kuipata.

"Mama, teremka!"

Mama Pasi hakuwa na pumzi ya kujibu. Majirani ndio waliomteremsha, midomo imebadilika rangi, kifua kikilia kama filimbi.

Alilazwa muda mrefu, bomba la hewa puani. Daktari, mama wa makamo, hakumzungusha: mapafu yalikuwa yameshaumia kidogo kidogo kwa muda, na vumbi lile lilikuwa limemalizia. Mvuke, moshi, vumbi, vyote basi.

Aliporudi, shemeji alikuwa amezibua matundu, amesafisha kenchi zilizopona na kuzikata zilizooza. Chumba cha nyuma hakikuwa na paa. Jua liliangukia sakafuni, na kando ya ukuta ililala ile boriti, imevunjika vipande, ndani imekuwa ya hudhurungi na laini.

"Ningekwambia kwamba lazima nibomoe paa," alisema shemeji, "ungenikatalia. Boriti hii ingekuangukia."

"Nyumba ya kaka yako, nimeiozesha kwa mikono yangu."

"Hukujua, shemeji."

"Si nilikuwa nakohoa? Nilijua kuna kitu."

Binti alikuwa anafunga vifurushi vya nguo za wateja, avirudishe kwa wenyewe bila kufuliwa. Cha mwalimu alikichukua kwanza, akaondoka nacho bila kumtazama mama yake.

"Sasa nitakuwa nafanya nini kutwa nzima?" Mama Pasi aliuliza.

Shemeji aligeuza msumeno mkononi. Akapanda ngazi kuendelea na kazi.

Paa lilikamilika kabla ya mvua nyingine, zuri na imara. Binti alihamia nyumbani humo amtunze mama yake, ambaye sasa alilala ameketi, mito mgongoni, na kutoka kitandani hadi mlango wa mbele ilimlazimu apumzike katikati, ameshika ukuta.