Maganga wa Kwenye Shuka Jeupe

Vumbi likiungua juu ya taa ya moto lina harufu yake, na harufu hiyo ndiyo inayonirudisha utotoni. Naijua kuliko watu wengi wa Tabora, kwa sababu pale Gongoni nina ukumbi wa sinema. Una viti vya kukunja na feni za dari, na niliujenga kwa jasho langu, mimi ambaye darasa la tatu sikulimaliza. Wapo waliosoma mpaka wakavaa miwani, na leo wananunua tiketi dirishani kwangu. Wengine hunipa shikamoo ingawa tumelingana umri. Sikatai. Huitikia marahaba na kuwaonyesha pa kukaa.

Lakini kijana wangu anapowasha mtambo na lile vumbi likaanza kuungua, ubosi wote hunitoka. Narudi kuwa mtoto mwenye magoti ya majivu, nimekaa chini kwenye uwanja wa Kigwa, karibu na reli, na mbele yangu limetandazwa shuka jeupe kati ya nguzo mbili. Na hofu ile inakuja vilevile.

Ili unielewe, nikueleze kwanza habari ya jina langu.

Nyuma ya nyumba zetu ilipita njia ya zamani ya misafara, ile iliyokwenda hadi pwani. Babu aliipita akibeba pembe za ndovu enzi zake. Wapagazi walikuwa wameikanyaga mpaka ikawa kama mfereji, na majani yalikuwa hayataki kuota katikati yake. Kandokando kulikuwa na vichuguu vidogo vidogo ambavyo mgeni angedhani ni matuta ya viazi. Yalikuwa makaburi ya mikeka. Katika ukoo wetu mtu akipotelea safarini, asirudi wala mwili wake usiletwe, watu waliuchukua mkeka aliokuwa akilalia, wakaukunja, wakauzika kando ya njia ile aliyoondokea. Kisha jina lake akapewa mtoto wa kwanza kuzaliwa nyumbani, ili lisizurure porini likitafuta wa kuliitikia.

Baba yangu mdogo Maganga alikwenda vitani na Keya, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, akavuka bahari hadi nchi ya Bama. Habari iliyorudi kupitia kwa jumbe ilikuwa ya neno moja: amepotea. Wakazika mkeka. Muda si mrefu nikazaliwa mimi, nikaitwa Maganga.

Kwa hiyo nilikua nikiwa watu wawili. Bibi, mama yake huyo aliyepotea, aliniita mwanangu. Mkewe, Mama Mdogo Nyamizi, aliniita mume wangu, na kila aliponiita hivyo watu walicheka. "Mume wangu, kuni zimekwisha, unanilisha nini leo?" Nami nilivimba kichwa. Kwa kweli nadhani hapo ndipo nilipojifunza kujiona mkubwa.

Mzaha huo ulikuwa na kazi ndani yake. Mjane wa mtu aliyezikwa kwa mkeka hakuwa huru kuolewa mpaka mwenye jina apate akili, ammiminie maji mikononi na kumwambia kwa kinywa chake aende. Mama Mdogo alinisubiri nikue. Mwaka ule meno yangu ya utoto yalikuwa yamekwisha kung'oka, na Yakobo, fundi baiskeli wa pale Kigwa, alikuwa ameanza kupita kwetu kila mara kwa visingizio vya ajabu. Mara anatafuta kuku wake, na kuku hakuwa naye. Ikakubaliwa kwamba tukimaliza kuvuna karanga nitamimina maji, naye Yakobo atamchukua mkewe.

Ndipo likaja gari la sinema la serikali.

Tulikwenda Kigwa ukoo mzima. Giza lilipoingia, injini ikaanza kuunguruma, harufu ya petroli na vumbi linaloungua ikatupitia usoni, na lile shuka likawaka. Msemaji, tuliyemwita Bwana Sinema, alikaa na kipaza sauti akitueleza tunachokiona, kana kwamba hatuna macho. Kwanza tukaonyeshwa Mzungu anafuga nyuki. Halafu watu wa ulaya kwenye baiskeli. Halafu askari wetu huko walikopigana.

Walikuwa wamekaa mstari msituni, wanakula kwenye bakuli za bati. Picha ikawapitia mmoja mmoja, taratibu. Na hapo nikamsikia Bibi ananyanyuka kando yangu, vifundo vya magoti vikimlia.

"Maganga!" akaita.

Askari mmoja kwenye shuka akainua kichwa. Akatutazama sisi, moja kwa moja. Akavuta sikio lake la kushoto, kisha akacheka, na katikati ya meno yake ya juu kulikuwa na pengo, vilevile kama Bibi alivyozoea kunisimulia.

Nami, kwa kuwa nimeitwa, nikaitika, "Naam."

Msomaji wangu, nimewahi kulala porini njia ya Ipole lori langu limeharibika, fisi wakizunguka magurudumu, na sikutikisika. Lakini sijawahi kusikia baridi kama ile ya kuitika "naam" na kumwona mtu mwingine ameinua kichwa kwa jina hilohilo. Watu waliotuzunguka waligeuka. Hawakumtazama Bibi. Walinitazama mimi.

Kesho yake, wakati wa kumenya karanga, ungedhani habari yenyewe ingekuwa hiyo tu. Lakini watu ni watu, na jambo la kutisha hulizungukia kwanza.

Mzee Kapaya, jirani yetu mrina asali, alikuwa na hasira na yule Mzungu wa nyuki. "Amejifunika chandarua kichwani kama bibi harusi. Halafu mzinga wake sanduku. Nyuki gani mwenye heshima zake anakaa kabatini?"

"Lakini asali ilijaa, mzee," akasema baba yangu.

"Uliionja?"

"Sikuionja."

"Basi nyamaza. Asali ya kuangalia hata mimi naweza kukuonyesha."

Yakobo, ambaye alikuwa amekuja eti kuazima jembe, akasema zile baiskeli za ulaya zilikuwa nzuri ila moja gurudumu lake la nyuma lilikuwa linayumba, na mwenyewe hajui, ataanguka siku si nyingi. Watu wakacheka. Kisha kicheko kikawakatika wote kwa pamoja, na mikono ikarudi kwenye karanga.

Bibi ndiye aliyelitaja. "Mwanangu yu hai. Mmemwona anakula."

"Mama, vita vimekwisha siku nyingi," baba akasema.

"Nani alikwenda kule akaona vimekwisha? Wewe? Jana umewaona na bunduki zao."

Usituone wajinga. Tulichokuwa tumekiona kwa macho maishani mwetu chote kilikuwa kinatendeka wakati tunapokiona. Nani angetufundisha kwamba kuna jicho linaloona leo jambo la mwaka juzi? Yakobo aliliweka jembe chini. Alimwangalia Mama Mdogo mara moja tu, akasema, "Mimi siwezi kuposa mke wa mtu aliye hai," akaenda zake bila kuaga vizuri. Mama Mdogo hakuinua uso. Aliendelea kumenya karanga ambazo zilikuwa zimekwisha kumenywa.

Bibi akaamuru kaburi lifukuliwe, kwa sababu mtu aliye hai hawezi kuachwa na mkeka wake ardhini. Baba na Mzee Kapaya wakachimba asubuhi, sisi tumesimama kwenye mfereji wa njia ya misafara. Walichimba wakapita kina walichozikia. Wakachimba tena. Udongo ulikuwa mwekundu, laini, mtupu. Hapakuwa na mkeka, hata uzi mmoja wa ukindu.

"Mchwa," akasema Mzee Kapaya, lakini alilisema akiangalia pembeni.

"Ameondoka nao," akasema Bibi.

Tangu saa hiyo hakuna aliyeniita jina langu. Nikawa "wewe mtoto", "huyu", "hebu njoo". Bibi aliacha kuniita mwanangu, na jioni akawa anaweka chakula cha pembeni, kimefunikwa kwa ungo, cha mwenyewe akirudi. Nilikuwa sijui nikiulizwa na mgeni naitwa nani nijibu nini. Usiku nilijishika sikio la kushoto, naliachia haraka, naogopa kwamba mahali fulani mbali mwenzangu naye amelishika.

Na lile shimo liliachwa wazi, maana Bibi alisema mwenye kulifukia ni Maganga mwenyewe, kwa mikono yake.

Siku moja Mama Mdogo akasikia gari la sinema bado linazunguka, sasa liko kijiji cha jirani, mwendo wa asubuhi moja. Akafunga viazi kwenye kitambaa, akaja kunisimamia mlangoni.

"Twende," akaniambia. "Siwezi kwenda kuonana na mume wangu peke yangu."

Tulimkuta Bwana Sinema ananyoa ndevu kwenye kioo cha gari. Mama Mdogo akamwamkia, akamuuliza yule askari mwenye pengo yuko wapi sasa hivi.

"Mama, hizo ni picha za zamani," akajibu.

"Zamani ipi?"

"Sijui. Mimi naletewa zikiwa ndani ya makopo."

"Na yeye alikuwa mzima alipoingia kwenye kopo?"

Bwana Sinema aliacha kunyoa. Nadhani hakuwahi kuulizwa hivyo. "Mama," akasema kwa upole, "siku ile alikuwa mzima. Zaidi ya hapo sina."

Jioni tukakaa mbele kabisa. Wakapita nyuki, zikapita baiskeli, na lile gurudumu bado likayumba, na mwenyewe bado hajaanguka. Nilimsikia Mama Mdogo akivuta pumzi. Wakaja askari na bakuli zao. Safari hii hakuna aliyeita. Ilisikika injini tu.

"Sasa atainua kichwa," Mama Mdogo akanong'ona.

Akainua.

"Sasa atashika sikio."

Akalishika.

"Sasa atacheka."

Akacheka. Kicheko kilekile. Pengo lilelile, kichwa kikainama upande uleule, mkunjo wa shavu ukaja na kuondoka kama mara ya kwanza. Hakuna aliyemwita, na bado alikuwa ametuinulia kichwa. Nilitaka kulia. Mama Mdogo hakulia. Alijifunga khanga yake vizuri kiunoni, kama mtu aliyemaliza kazi, akasema, "Maskini. Hajui lingine."

Tuliondoka alfajiri. Tulipofika kwenye njia ya misafara, karibu na lile shimo, akasimama. Akanishika mabega, nikawa nimelipa shimo mgongo.

"Cheka," akaniambia.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikacheka kidogo, kwa woga.

"Cheka tena."

Safari hii alikuwa amenitekenya ubavuni, na kicheko kikanitoka puani, na kamasi juu. Akanitazama kwa makini, uso wake karibu na wangu, kama mtu anayechagua mbegu. Kisha naye akacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu Kigwa.

"Cha pili si kama cha kwanza," akasema. "Haya. Twende nyumbani, mume wangu."

Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi, akapiga magoti. Sikusikia yote. Nilisikia haya: "Mama, nimemwona tena. Amefanya yaleyale. Hajaongeza, hajapunguza." Bibi akainuka, akaenda uani, akasimama akitazama upande wa ile njia.

"Maganga," akaita. Kisha akainamisha kichwa upande, akasikiliza kama wataitika wawili.

"Naam, Bibi," nikasema.

Akaendelea kusikiliza. Upepo ulikuwa unapita kwenye maganda ya karanga. Baadaye akauondoa ule ungo juu ya chakula cha pembeni, akanisogezea sahani. "Kula, mwanangu, kitapoa."

Shimo nililifukia mimi, kwa mikono, kama alivyokuwa ameagiza. Na karanga zilipokwisha nilimmiminia Mama Mdogo maji viganjani, mbele ya watu, nikamwambia, "Nenda, mwenyewe amelala." Yakobo alikuwa amesimama nyuma na baiskeli aliyoipiga rangi mpya, mdomo wazi kama ametoka kupigwa.

Wakati ule nilidhani Mama Mdogo alikuwa ananichezea tu pale shimoni. Nimekuja kumwelewa ukubwani, humu ukumbini mwangu. Picha moja naionyesha wiki nzima. Kila jioni yule mtu anafungua mlango uleule, anasema lilelile, anakufa palepale, na watu wananiambia sinema yako nzuri, bosi. Mimi siiangalii. Nasimama nyuma na kuwaangalia watazamaji, wanavyokohoa, wanavyochelewa kucheka, mmoja leo analia mahali ambapo jana alisinzia.

Juzi binti yangu aliolewa, harusi ambayo Tabora bado wanaizungumza, na wakwe wakaleta kijana wa kupiga picha za kutembea. Akanifuata kila pembe. "Mzee, cheka kidogo, itabaki kumbukumbu." Nikakaza uso, mikono nimeiweka mapajani, mbali na masikio, mpaka alipochoka akaondoka. Watu wanasema ni majivuno ya pesa. Waache waseme.