Konzi ya Kwanza

Asubuhi ile mama alikuwa anaanika mihogo, akinigombeza kwa kuwa nilikata vipande vinene. "Utaolewa na nani wewe?" Kijiji chetu kilikuwa kwenye milima ya Kivu, na mimi nilikuwa binti mkubwa wa nyumba, mwenye maneno mengi kuliko kazi. Nilikuwa bado namjibu tuliposikia risasi upande wa mtoni.

Tulikimbia.

Mama aliteleza, mguu ukavunjika. Mdogo wangu Byamungu alikataa kumwacha. Mimi mama alinifukuza kwa mawe, kama mbwa, kwa sababu alijua wale watu wenye bunduki wanawafanya nini wasichana.

Sikugeuka tena.

Nilivuka ziwa, nikapewa hifadhi ya ukimbizi Tanzania. Baadaye niliolewa na Mmeru, fundi wa magari hapa mtaa wa Sakina, nikaruhusiwa kuishi naye Arusha. Binti yetu Neema alipozaliwa nilimtumia mama picha. Mguu wake ulipona. Vita havikupona, kila vikitulia, vinaanza tena.

Mwaka huu Byamungu alipiga simu. Mama amefariki.

Kwetu, mzaliwa wa kwanza ndiye anayetupa konzi ya kwanza ya udongo kaburini. Kabla yake hakuna anayegusa koleo, hata awe mchungaji. Mchana uleule nilikwenda ofisi ya wakimbizi kuomba kusafiri. Dada aliyenipokea alikuwa mpole.

"Pole sana, mama. Hati ya kusafiria unaweza kuomba, lakini ya kwenda kule hakuna. Ukirudi nchi uliyoikimbia, ni kama umesema hofu imekwisha. Ukija tena mpakani, utaingia kama nani?"

"Kama mama Neema."

Aliinamisha kichwa. Akanisogezea fomu, nikajaza.

Mume wangu alisema tupite njia za panya. Nilitamani mno. Lakini nikikamatwa, Neema angebaki upande huu bila mama, na mimi ningebaki bila nchi upande wowote. Nililia mpaka majirani wakazima redio.

Kesho yake nilikwenda shambani kwa wakwe zangu, chini ya Meru, nikachota udongo penye migomba, nikautupa nikitaja jina la mama. Kisha nikampigia Byamungu, nikamwambia nimeshatupa, wamfunike.

"Udongo ya Tanzania haiwezi kufunika mama," alisema. "Dada mukubwa, kuya tu. Tuko nakungojea."

"Msiningoje! Vita viko wapi sasa?"

"Biko mbali."

Nilisikia milio nyuma yake. Alisema ni watu wanapasua kuni.

Simu ikakatika.

Haikupatikana tena.

Habari zilikuja na jirani yetu wa zamani, aliyekimbilia kambini huku Tanzania. Waombolezaji wote walitawanyika. Byamungu peke yake alibaki na mama, kama alivyobaki naye mara ya kwanza. Watu waliporudi walimkuta kando ya shimo. Wakawazika wote wawili pamoja, harakaharaka, na hakuna aliyeuliza mzaliwa wa kwanza yuko wapi.

Namkasirikia Byamungu mpaka leo. Kwa nini hakukimbia? Mama alikuwa ameshakufa, hakuna ambalo wangemfanya. Mila ilisema lazima niende, sheria ikasema nikienda nimejifungia mlango, na mdogo wangu akasimama katikati akiningoja.

Hati ya kusafiria ilitoka baadaye. Niliiomba siku ile nikiwa nimechanganyikiwa, nikasahau. Ndani imeandikwa kwamba inafaa kwa nchi zote, isipokuwa ile moja. Mume wangu aliisoma mara mbili, akaiweka kabatini chini ya mashuka, nami sijaiulizia.

Neema ni mzaliwa wangu wa kwanza. Nimeshamwambia, naye hakupenda kusikia: siku yangu ikifika, asingojwe mtu, hata yeye. Aliye karibu na koleo aanze.