Punda wa Nne

Nilipoacha kazi ya upishi kule Ikoma, dada yangu hakuniuliza nitafanya nini na maisha yangu. Aliniambia niende Nyamongo nikamletee punda.

Nilikuwa nimepika kwenye kambi za watalii karibu na lango la hifadhi kwa miaka mingi, tangu nikiwa kijana wa kuosha masufuria mpaka nikawa mpishi mkuu. Magoti yakaanza kuuma, nikaona inatosha, nikarudi nyumbani Kenyamonta. Dada ni mkubwa kwangu. Ni mjane, na watoto wake wote wanafanya kazi mbali, kwa hiyo alikuwa akiishi peke yake kwenye mji wa wazazi wetu, akilima mahindi na mtama, akiwa na ng'ombe wachache na punda watatu. Wale punda ndio walikuwa mikono yake. Walibeba maji kutoka kisimani, walibeba mavuno kutoka shambani, na walibeba mahindi kwenda mashine ya kusaga, yake na ya majirani pia.

"Yule jike mzee amechoka," aliniambia asubuhi, hata chai sijaimaliza. "Kuna mama mmoja Nyamongo anauza mtoto wa punda. Jike. Nimeshaongea naye kwenye simu. Nenda ukamchukue."

"Nitamleta na nini?"

"Na miguu. Anayo minne."

Nikaenda kwa bodaboda. Yule mama wa Nyamongo alikuwa akiwauzia maji wenye vibanda na wachimbaji wadogo, punda wake wakizunguka na madumu kutwa nzima. Baadaye bomba likafika mtaani kwake, biashara ikafa, akaanza kuwauza mmoja mmoja. Huyu mdogo ndiye alikuwa amebaki. Mama yake alikuwa amechukuliwa na mtu wa Sirari asubuhi hiyo hiyo. Nilimkuta amefungwa kwenye nguzo nyuma ya nyumba, rangi ya majivu, tumbo jeupe, masikio marefu kuliko uso. Alikuwa ameacha kunyonya siku nyingi lakini bado alikuwa na manyoya ya kitoto kwenye paji la uso, yamesimama kama nywele za mtu aliyetoka kuamka.

Yule mama alinipa kamba, kisha akaingia ndani akatoka na gunia kuukuu.

"Hili mama yake alikuwa anatandikwa mgongoni," akasema. "Lina harufu yake. Huyu hajawahi kulala peke yake, akilia mtundikie karibu."

Nililikunja nikalibeba begani. Nilidhani njiani atanisumbua kwa sababu ya bodaboda, maana Nyamongo bodaboda ni nyingi kuliko watu. Kumbe kelele hizo alizizoea tangu azaliwe. Pikipiki zilipita zikipiga honi karibu na sikio lake na hakugeuka. Kilichomtisha ni ukimya. Tulipovuka daraja la Mto Mara na barabara ikatulia, alianza kusimama kwenye kila kichaka. Kanga walipotoka kwenye majani mbele yetu, alijificha nyuma yangu, akabaki ameniegemezea kichwa kiunoni. Nikaongea naye njia nzima. Nilimweleza habari za nyumbani, kisima kilipo, dada alivyo.

Sasa, mimi ni mtu niliyelelewa na kambi. Mgeni akishuka kwenye gari, sisi watumishi tunasimama mstari tunatabasamu, mmoja ana kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mwingine ana juisi. Nilipofika nyumbani jioni ile, nilikuwa tayari nimeshajipangia mapokezi. Nilimwongoza mpaka kwenye lango la zizi, wale watatu wakasogea kutuangalia, nikashika mti wa kwanza wa lango niuchomoe.

"Usifungue," dada akasema nyuma yangu.

"Si hawa ndio wenzake?"

"Nani amekwambia? Hawa hawamjui."

Akanisimulia jambo ambalo sikulijua, kwa kuwa lilitokea mimi nikiwa Ikoma. Baba yetu, mwaka mmoja kabla hajafariki, alinunua punda mnadani akamwingiza zizini jioni hiyo hiyo. Asubuhi walimkuta mguu wa nyuma umevunjika. "Zizi lina kona," dada alisema. "Akifukuzwa atakimbilia wapi?"

Basi mgeni wetu akawekwa kwenye banda la zamani la ndama, lililopakana na zizi. Kati yake na wale watatu kulikuwa na fito tu, zenye nafasi ya kupitisha pua lakini si kichwa. Usiku wa kwanza alilia kwa sauti ile ya punda inayoanza kama mlango mbovu na kuishia kama mtu anayekosa pumzi. Nikakumbuka maneno ya yule mama, nikalitundika gunia kwenye fito. Akalinusa, akasimama hapo hapo, akanyamaza.

Ni vizuri niwaeleze habari za wale watatu. Jike mzee ndiye alikuwa mkuu wao. Hakuwa mkali, ila akiinua kichwa wengine wanasimama, akitembea wanatembea. Wa pili alikuwa binti yake, jike mwenye pua nyeupe, mwenye nguvu, na huyo ndiye dada alimwogopa. Wa tatu alikuwa dume aliyehasiwa, mwenye sikio lililochanika, ambaye hakujali jambo lolote isipokuwa chakula.

Pua Nyeupe alikuja kwenye fito kesho yake, akalaza masikio nyuma na kupiga teke mti mpaka ukatikisika. Mgeni alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Umeona?" dada akasema, akaenda kumkamua ng'ombe.

Kila jioni tulipowatua mizigo, dada alikuwa na kazi yake ndogo. Alilivua gunia la mgongoni mwa jike mzee, limelowa jasho, akalitundika kwenye banda la mgeni. Lile gunia la Nyamongo akamtandika jike mzee kesho yake alipokwenda kisimani. Mara ya kwanza jike mzee aligeuza shingo, akalinusa kwa muda, kisha akainua mdomo wa juu kuelekea mbinguni, meno yote nje, kama mtu aliyeonja ndimu. Nilicheka sana. Dada hakucheka. "Anasoma," akasema.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa. Niliweka kiti karibu na banda, nikasikiliza redio, nikachambua kunde. Kupika sikuruhusiwa. Jiko lilikuwa la dada, na alisema majirani wakiniona nimeshika mwiko watasema amemgeuza mdogo wake mwanamke. Nilimwambia mwiko huo ndio ulinisomeshea watoto. Akasema hiyo ni Ikoma.

Siku ilipofika ambapo Pua Nyeupe alikuja kwenye fito akanusa bila kupiga teke, dada alisema twende shambani. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, uwanja ulikuwa wazi. Alikusanya mabua akayaweka marundo matano, moja mbali na jingine.

"Punda ni wanne," nikasema.

"Anayefukuzwa awe na pa kwenda."

Tuliwaleta wale watatu kwanza, wakaanza kula. Kisha mimi nikamleta mgeni, nikamfungua kamba, tukakaa juu ya jiwe pembeni. Kwa muda mfupi hakuna aliyeinua kichwa. Halafu Pua Nyeupe akamwona.

Walikimbia shamba zima. Mdogo alikuwa mwepesi, alipinda hapa, akapinda kule, vumbi likapanda. Jike mzee naye akaingia, akamkatia njia. Mdogo alisimama mbele yake, akainamisha kichwa, akaanza kufungua na kufunga mdomo haraka haraka bila kutoa sauti, kama mtoto aliyeweka ugali wa moto mdomoni. Jike mzee alimtazama, akamnusa shingo, akarudi kwenye mabua yake.

"Anaomba radhi kwamba yeye ni mtoto," dada alinieleza.

Pua Nyeupe hakupokea radhi. Alimfikia kwa nyuma akamng'ata kwenye paja, manyoya yakabaki mdomoni. Nikainuka. Dada akanishika shati, akaniita kwa neno letu la kijana.

"Kaa chini, mura. Ukiingia, huyu ataona mdogo ana mtetezi, atamngoja siku ambayo hupo."

Nikakaa. Mdogo alikimbilia rundo la tano, lile la mwisho, akala huku akitetemeka. Baada ya muda tukamrudisha bandani. Nilimsafisha jeraha kwa maji ya chumvi, halikuwa kubwa. Dada alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, amechoka kwa jua, viatu amevivua.

"Leo pika wewe," akasema, bila kunitazama.

Nikapika kabla hajabadili mawazo. Nilisonga ugali wa mtama, nikachemsha zile kunde na majani yake, nikakaanga kitunguu na nyanya taratibu jinsi inavyotakiwa, nikaweka na maziwa ya mgando pembeni. Dada alinawa, akala. Mwishoni akasema chumvi imepungua kidogo, halafu akajiongezea ugali. Tangu siku hiyo tunapika kwa zamu, na jirani wa kwanza kucheka alikaribishwa akala, akaacha kucheka.

Tuliendelea kuwapeleka shambani. Mdogo aligundua kwamba yule dume mwenye sikio lililochanika hana habari na mtu, akawa anasimama nyuma yake kama mtu aliyejibanza ukutani. Dume akisogea, naye anasogea. Jike mzee akamruhusu kula kwenye rundo lake, upande wa pili. Lakini Pua Nyeupe alibaki na kinyongo chake. Hakung'ata tena, ila alikuwa akilaza masikio, na hilo lilitosha kumwondoa mdogo popote alipo.

"Huyu Pua Nyeupe tutakaa naye hivi hivi?" nilimuuliza dada.

"Yeye alikuwa mdogo wa mwisho hapa. Hajawahi kugawana na mtu."

Kisha mvua ikaja. Ilikuwa mchana, tuko shambani, wingu likatoka upande wa mtoni na ghafla likatuangukia. Punda hawapendi mvua, manyoya yao hayazuii maji kama ya ng'ombe. Jike mzee aliinua kichwa na kuondoka mbio kuelekea nyumbani, wale wawili nyuma yake, na mdogo, kabla sijamkamata, akaenda nao. Tukawafuata tukiteleza kwenye tope, dada amejifunika gunia kichwani, mimi magoti yangu yakinilaani.

Lango la zizi tulikuwa tumeliacha wazi. Zizi lina paa la bati kwenye kona moja tu. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mguu uliovunjika. Tulipofika tukachungulia.

Walikuwa wamesimama wote wanne chini ya lile bati, wamebanana, wanatoa mvuke. Dume alikuwa nje kidogo, mgongo wake nusu unalowa. Jike mzee alikuwa amefumba macho. Katikati alikuwa mdogo, na Pua Nyeupe alikuwa ameweka kidevu juu ya mgongo wake, pale shingo inapoanza, anamkuna kwa meno ya mbele, taratibu. Mdogo alikuwa amenyoosha mdomo, unatetemeka kwa raha.

Tulisimama pale tunalowa. Mwishowe dada akasema, "Funga lango."

"Na yeye akiwa ndani?"

"Wameshamalizana wenyewe."

Nikachomeka miti. Usiku ule sikusikia kilio.

Kiasi gani walikuwa wamemalizana, tulikuja kukijua siku bwana mifugo alipopita kijijini kutoa dawa ya minyoo. Nilimtoa mdogo nikampeleka kwenye kituo chake karibu na shule, huku dada akiwatandika wale watatu magunia ya mahindi kwenda kusaga. Niliporudi nilimkuta dada amesimama barabarani, mikono kiunoni, hasira na kicheko vikigombania uso wake. Hawakuwa wamefika hata hatua ishirini kutoka langoni kwetu. Jike mzee alikuwa amesimama kabisa. Dume alikuwa anakula ua wa jirani. Pua Nyeupe alikuwa amelala chini na mzigo wake wote, analia, na watu waliokuwa wakipita walikuwa wamekusanyika kutoa ushauri.

Mdogo alipowaona aliniponyoka. Pua Nyeupe akainuka, akajikung'uta, wakanusana pua. Jike mzee akageuka kuelekea mashineni akaanza kutembea, wote wakamfuata. Dada naye akafuata, na hapo alicheka mpaka akalazimika kufuta macho kwa kanga.

Kwa hiyo hivyo ndivyo tunavyokwenda sasa. Dada hataki mdogo abebe chochote mpaka mifupa ikomae, na hilo ni jambo la miaka. Jike mzee tumempumzisha mizigo, lakini akibaki nyumbani wengine hawaendi, na yeye mwenyewe hakubali kubaki. Tulileta punda wa nne ili kazi iwe nyepesi, na matokeo yake tuna punda wanne na wanaobeba ni wawili. Mwenye mashine aliwahi kumuuliza dada yule mdogo anakuja kufanya nini.

"Anajifunza njia," dada alimjibu.

Nilipolalamika kwamba hesabu hii haijakaa vizuri, dada aliniambia kwamba na mimi nina mgongo. Kwa hiyo siku za kusaga nabeba debe langu begani, si zito sana, na magoti siku hizi yananivumilia. Tunatoka asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani. Jike mzee anatangulia, dume anafuata, Pua Nyeupe na mdogo wanatembea sambamba wakiziba njia yote, bodaboda zinapiga honi nyuma yao, na hakuna hata mmoja anayesogea.