Nyasi Nilizowatandikia Wageni Golini

Siku ya kwanza ya kazi kwenye uwanja wa mpira wa Bukoba nilifika na jembe begani, nikaambiwa nilirudishe nyumbani Kitendaguro.

"Hapa hatulimi, mama," alisema msimamizi wa uwanja, Bwana Deogratias Mutashobya. "Hapa tunafyeka na kuchora."

Kuchora ni kupiga mistari ya chokaa. Unapigilia vigingi viwili, unavuta kamba ikaze, halafu unapita na kopo lililotobolewa chini, ukilitikisa polepole. Ukiharakisha, mstari unakatika na mshika kibendera anakosa pa kutazama. Mimi niliishia darasa la nne, lakini vipimo vyote nilivijua kwa mafundo ya kamba: fundo la goli, fundo la penati, fundo la duara la kati.

Nilikuwa kibarua. Bwana Mutashobya aliniahidi kwamba msimu ukiisha vizuri ataniombea barua ya ajira. Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, na barua hiyo ndiyo niliyoitegemea.

Ikabaki mechi moja, na timu ya kutoka Mwanza. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, dimbwi likajaa mbele ya goli la upande wa ziwa. Msimamizi alikuwa amekwenda kuwapokea waamuzi. Sasa, ninyi mliokulia kwenye vigae hamjui: kwetu Wahaya, mgeni akija, sakafu hutandikwa nyasi mbichi, zimelazwa upande mmoja. Nikachukua nyasi nilizofyeka jana yake, nikatandika pale golini kama sebuleni kwa mama mkwe. Zikapendeza kweli. Dimbwi halikuonekana tena.

Kipindi cha pili ukaja mpira wa taratibu, wa kuokota tu. Kipa wetu, Projestus Kagaruki, akapiga hatua moja, nyasi zikateleza naye, akakaa chini. Mpira ukampita. Tukafungwa moja bila.

Eustadi, muuza nyama wa Miembeni, akapaza sauti jukwaani: "Mama Koku! Wageni umewatandikia, mbona senene hukuwakaangia?"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naiwaza barua.

Mechi ilipokwisha msimamizi aliniita mbele ya viongozi wa timu. "Nani aliweka nyasi?"

"Ni mimi, waitu," nikamjibu kwa Kihaya cha heshima.

"Kwa nini?"

"Dimbwi lilikuwa linatutia aibu, na wageni wanakuja."

Katibu wa timu akataka nifukuzwe jioni ile ile. Kagaruki, tope hadi kiunoni, akamkatiza: "Katibu, bila zile nyasi mngenitafuta kwa mtumbwi."

Msimamizi hakucheka. Akaniambia, "Umeyafunika maji badala ya kuyatoa. Barua yako nitaiombea siku mvua itakaponyesha na goli hilo likabaki kavu."

Basi nikachimba mfereji kutoka golini hadi nje ya ukuta, nikaujaza mawe, juu mchanga wa ziwani. Mvua ya kwanza maji yakatuama. Nikaufukua, nikauongezea mteremko. Mvua ya tatu Bwana Mutashobya alisimama golini na viatu vyake vya kanisani, akakanyagakanyaga, akaziangalia soli. Wiki iliyofuata barua ikaja.

Baadaye nilipelekwa Muleba kuwafundisha wengine kuchora, nikarudi, nikafanya kazi chini ya wasimamizi wengine wawili. Nilistaafu kabla ya nyasi bandia kuletwa. Nilikwenda kuziangalia zikitandazwa, zimelazwa upande mmoja kama zetu. Chokaa haihitajiki tena, mistari imo humo humo. Ni kazi safi, sina la kulaumu.

Siku hizi naishi Buhembe. Kagaruki, mzee sasa, hunitembelea kila Jumapili baada ya misa. Namtandikia nyasi mbichi sebuleni, maana ni mgeni. Huingia ameshika ukuta.