Bhoke Wawili wa Wodi ya Wazazi

Siku niliyoanza kazi katika hospitali ya Tarime tulifika wasichana wawili, na wote wawili tuliitwa Bhoke. Sikumjua mwenzangu. Yeye alitoka Kemambo, mimi kwetu ni karibu na bomani. Yeye mrefu, amenyooka, ana shingo ya kuvalia shanga. Mimi mfupi, na uzee sasa umenipunguza tena. Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado, na msichana wa Kikurya kuacha ng'ombe wa mahari wakingoja ili aende kufua shuka za wagonjwa, watu walisema mpaka wakachoka.

Sista Mkuu ndiye aliyetupokea. Huyo alikuwa Mwingereza, msimamizi wa manesi na sisi mayaya, maana ndivyo walivyoitwa wanaoanza: kupiga deki, kumwaga mabeseni, kuchemsha vyombo. Kiswahili chake alikiokota njiani.

"Wewe jina nani?"

"Bhoke."

"Na wewe?"

"Bhoke."

Akatutazama kama tunamtania. "Hapana. Bhoke mbili wodi moja, hapana. Mimi taita Bhoke, nyinyi mbili takuja, kazi taharibika." Akamnyooshea kidole mwenzangu. "Wewe mrefu. Wewe sasa Margaret."

Basi, ikawa hivyo. Kwetu boma moja linaweza kuwa na akina Bhoke watano na hakuna anayepotea. Kuna Bhoke wa Marwa, kuna Bhoke wa Chacha, kila mtu na baba yake. Lakini Sista hakutaka habari za baba zetu. Hata Dresa Mkuu, yule aliyesimamia vidonda na sindano, Mjaluo wa upande wa Shirati, nyumbani alikuwa Ouma, akivuka lango la hospitali ni Mista Wilson. Ukimwita Ouma kazini haitiki.

Sasa ninyi manesi vijana mtadhani nilishukuru kubaki na jina la bibi yangu. Thubutu! Roho iliniuma siku ile ile. Kwa nini yeye? Kwa sababu ya urefu? Wiki haijaisha, Tarime nzima wanasema "Nesi Magireti, Nesi Magireti," na mtu mwenyewe anamwaga mkojo kama mimi. Wenye maduka walimpa kiti. Mimi nikipita ni "We Bhoke, shika mzigo huu." Nilikuwa na wivu.

Nikaenda ofisini kwa Sista. Nilijifunga kitambaa vizuri, nikasimama wima.

"Sista, naomba na mimi unipe jina."

"Kwa nini? Wewe iko na jina. Sasa Bhoke moja tu, hakuna taabu."

"Hata dogo tu, Sista."

Akacheka, akarudi kwenye chai yake. Nilitoka pale nikalia nyuma ya jiko la kufulia, na aliyenikuta ni nani? Magireti. Akanipa kanga yake nifute uso. Nikamrudishia bila kufuta.

Niwaeleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana leo mna mashine za kila namna. Vyombo vya kuzalishia tulivichemsha kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la primasi, ukitoa mkasi kabla maji hayajatokota sawasawa Sista anaukuta kwa kunusa tu. Moyo wa mtoto tumboni tuliusikiliza kwa pembe, kijibomba cha mti, upande mmoja tumbo la mama, upande mwingine sikio lako. Unashusha pumzi, unanyamaza, mpaka uusikie. Mimi nilikuwa nausikia upesi kuliko wote, na nasema hivyo bila haya. Lakini Bwana Daktari wa Wilaya alipotaka msichana mmoja wa kwenda Musoma kusomea ukunga, Sista alimtaja nani? Magireti. Baadaye nikasikia kwamba Margaret ni jina la mdogo wake Sista huko kwao. Utashindanaje na mdogo wa mtu?

Alirudi na gauni jeupe na mkanda wa buluu kiunoni. Mimi nikawa msaidizi wake. Yeye akisema "Mkasi," mimi nasema "Huu hapa." Wanawake wenzangu wodini walinichokoza: "Bhoke, wenye wivu wajinyonge!" Nikawajibu kamba waninunulie wao.

Mara kwa mara tulitoka kwa Landrova, kliniki za safari, Nyanungu, Kemambo, wakati mwingine tukishuka mpaka Busawe kwa Wangoreme. Siku moja tupo Nyanungu, Sista akiwa nasi, tukaitwa boma moja. Mama alikuwa na uchungu tangu juzi yake, na mtoto alikuwa anakuja kwa matako. Hiyo ni shughuli. Ukivuta kwa pupa kichwa kinakwama, ukichelewa mtoto anakufa mikononi mwako. Mimi niliwekwa kushika magoti ya mama. Magireti alipiga magoti chini, akatulia, akamwachia mtoto ashuke kwa uzito wake mwenyewe, kisha akaingiza vidole, akainamisha kidevu, na kichwa kikatoka. Mtoto wa kike, wa buluu, kimya. Akamsafisha koo, akampulizia, akamsugua mgongo. Kimya. Akampulizia tena. Mara kile kitoto kikalia! Nilimwonea wivu hata pale, Mungu wangu, damu imenijaa mikononi na mimi nawaza kwamba zile pumzi zingekuwa zangu.

Lakini mtoto alilia bila kunyamaza, na titi hakulitaka. Kwetu tunasema mtoto wa namna hiyo anadai jina. Bibi yake, mama wa mume, akamchukua akaanza kumtajia wafu wa ukoo, mmoja mmoja, akimsogeza kwenye titi kila akitaja. Wapi! Mwishoni akamgeukia Magireti.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyemtoa. Unaitwa nani? Pengine anataka la kwako."

Magireti alifungua mdomo. Nilimwona. Lakini Sista alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, na wote tulijua sheria yake: kazini hakuna Bhoke wawili. Aliyekiuka alirudishwa kwao.

"Magireti," akasema.

Bibi akajaribu. "Maki... Makireti. Makireti ni wa nani? Tuna nani hapa aliyekufa akiitwa hivyo?" Watu wakatikisa vichwa. Mtoto akazidi kulia. Bibi akanigeukia mimi. "Na wewe mfupi?"

"Bhoke," nikasema, kwa sauti mpaka nje.

"Eee! Bhoke tunaye! Mama mkwe wangu, na mimi nimemruka!" Akamwinamia mtoto. "Bhoke. Bhoke, njoo unyonye." Na mtoto akashika titi.

Wanawake wakapiga vigelegele, wakanipaka siagi kichwani, mimi niliyeshika magoti. Magireti alikuwa ameinama anafuta mkasi ambao ulikuwa safi. Njiani kwenye Landrova niliimba mpaka Tarime. Nilimshinda! Gauni alikuwa nalo, mkanda alikuwa nao, lakini mtoto alikuwa wangu.

Miaka ikaenda. Uhuru ukaja, Sista akarudi kwao, Mista Wilson akawa Ouma tena na akaanza kuitika. Mwenzangu jina lilikuwa limeshamganda. Mume alimwoa akiwa Magireti, watoto wakaitwa wa Mama Magireti, akahamishiwa Mugumu akawa mkunga mkuu. Mimi nilisomea ukunga baadaye, nikiwa mtu mzima, na nikazalisha mpaka mgongo ukakataa. Na yule Bhoke wa Nyanungu alikua. Akawa anakuja kwangu, hana mkono mtupu, leo maziwa mgando, kesho ndizi, na kutoka nje ya uzio anaita, "Wajina! Bhoke!" Wanangu wa kuzaa hawanijali hivyo. Sikuwahi kumwambia ni nani aliyemvuta, kwa kuwa hakuwahi kuniuliza.

Tulipokwisha kustaafu wote wawili, Magireti alikuja kunitembelea kutoka Mugumu, mjane, miguu imevimba. Tulikaa uani tunachambua mtama. Akaniambia ghafla, bila kunitazama:

"Unajua nimekuonea wivu maisha yangu yote?"

"Wewe? Mimi? Una nini wewe?"

"Wewe walikuachia jina. Bibi yangu alikufa ananiita Bhoke, na tangu siku ile hakuna mtu aliyeniita tena. Hata yule mtoto wa Nyanungu ulimchukua."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu ya miaka mingi: Musoma, mkanda, viti vya madukani. Kabla sijaanza, sauti ikaita nje ya uzio, "Bhoke! Wajina! Upo?"

"Eee!" akaitika Magireti.

Aliitika kabla yangu. Akashtuka mwenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja. Yule Bhoke wa Nyanungu akaingia na kibuyu chake, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo mama. Kumbe na wewe ni Bhoke?"

Magireti akanitazama mimi. Angeweza kujibu mwenyewe, hapakuwa na Sista yeyote mlangoni, lakini aliningoja mimi.

Ninyi manesi vijana mnaoniuliza kazi ilinipa nini, mnataka niwaambie habari za pensheni na vyeti. Kazi ilinipa mtu mmoja wa kuniita wajina. Wivu ninao hadi leo, sina haja ya kuuficha, na siku ile ulinikaba kuliko siku zote za ujana wangu.

"Ni Bhoke," nikasema. "Huyu ndiye aliyekutoa. Mimi nilishika magoti tu."

Kisha nikachukua kile kibuyu nikaenda nacho jikoni, nisione wanavyokumbatiana.