Kiti cha Kushoto, Dirishani

Vitambaa vya makochi vikilowa ukungu hutoa harufu yake ya pekee: pamba, sabuni ya mche, na moshi kidogo wa jikoni ulioingia kwenye uzi ukakataa kutoka. Harufu hiyo naijua kwa sababu niliwahi kukaa nayo asubuhi nzima, kwenye mteremko wa nyasi nyuma ya nyumba ya Cucu kule Endarasha, nikingoja ndege. Ulikuwa mwezi wa Julai. Mtu ambaye hajawahi kuamka Endarasha mwezi wa Julai hudhani Kenya ni nchi ya joto. Ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua ukakalia mashamba ya viazi, ng'ombe akikohoa hujui amesimama wapi, na sakitu, ile baridi inayogandisha umande, ikipita usiku unakuta majani ya viazi yamekauka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mwaka huo ilipita mara nyingi, viazi vyote vikaungua. Ndiyo sababu Mami alikuwa anakwenda nchi za Ghuba, kufanya kazi katika nyumba ya watu asiowajua, na mimi nilikuwa nabaki na mama yake, yaani Cucu.

Mami ndiye aliyefuma vitambaa vya nusu ya Endarasha. Kwetu nyumba isiyo na vitambaa vyeupe juu ya makochi huhesabiwa kuwa haijavaa nguo, na mgeni akija, hivyo ndivyo vinavyotazamwa kwanza, kabla hata ya chai. Alifuma akienda sokoni, alifuma kanisani mahubiri yakirefuka, alifuma akinigombeza bila kuangalia mikono yake. Kila mwanamke alipewa ua lake: Cucu alikuwa na nanasi, mke wa Mzee Gachanja alikuwa na nyota, wengine majani na ndege. Mami aliweza kuingia nyumba yoyote akajua ni kazi yake akiwa bado mlangoni. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuona ajabu yoyote katika hilo. Nilidhani kila mama ameandika jina lake namna hiyo juu ya makochi ya watu.

Habari ya kiti ilianza na swali langu. Nilimwuliza Mami kama ndege yake itapita juu yetu, naye akasema ikipita, na akipata dirisha, atatuangalia mpaka tupotee. Alisema tu ili nilale. Lakini mimi nililishika neno lile kwa mikono miwili. Niliamini kwamba mama akiona nyumba yake kutoka juu, hata mara moja, atajua njia ya kurudi, na asipoiona atakuwa kama kuku aliyebebwa kwenye kikapu kilichofunikwa, ambaye ukimfungulia hajui aelekee wapi. Nililia sana. Basi Cucu, ambaye hakupenda kelele, akamwita jirani yetu Mzee Gachanja, mtu pekee tuliyemjua ambaye alikuwa amepanda ndege. Aliipanda mara moja, zamani, alipokuwa akiuza mbao Kiganjo, akaenda Mombasa na kurudi kwa basi. Safari hiyo moja ilimlisha heshima miaka yote. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, lakini sisi hatukuwa na nyota nyingine.

Mzee alitandaza gunia sakafuni akaomba viazi. Kiazi kikubwa kikawa Mlima Kenya. Kidogo kikawa Nyeri, kingine Kiganjo, na kimoja chenye jicho kikawa sisi. Upande wetu wa pili akaweka kuni kuwa Nyandarua. Kisha akatoa kiberiti mfukoni, hicho ndicho ndege, akakipitisha polepole katikati ya mlima na kuni, juu ya uwanda ule ule inakopita barabara ya Nanyuki.

"Ndege ikitoka Nairobi inaenda hivi," alisema. "Sasa mlima iko hii mkono ya kulia. Nyinyi mko hii ingine. Akae kushoto, kwa dirisha."

"Na ikipita nyuma ya mlima?" Cucu akauliza.

"Nyuma ya mlima kuna nini, mama? Ati dereva aache nafasi mzuri hapa katikati aende kuzunguka?"

Hakuna aliyepinga. Hata leo nikiwaza, naona kosa lile lingeweza kufanywa na sisi tu. Kila asubuhi Cucu alifungua mlango uliotazama mlima, akasimama kizingitini na kusali akiuelekea, kama alivyofanya mama yake kabla ya kanisa kuja, na kilele kilipojitokeza aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeamkiwa. Mlima ulikuwa na uso, na uso huo ulitutazama sisi. Kwamba kulikuwa na watu Chuka na Meru waliofungua milango yao asubuhi hiyo hiyo wakaamini vilevile, halikutuingia akilini. Nyuma ya mlima kulikuwa nyuma tu, kama nyuma ya kabati. Tangu siku hiyo neno la nyumbani likawa kushoto. Mami alikunja nguo, Cucu akasema kushoto. Mami alienda Nyeri mjini kununua viatu, akarudi, nikamwuliza ni upande gani, akasema kushoto. Asubuhi aliyoondoka alinishika mashavu kwa viganja vilivyonuka mafuta ya kujipaka, akaniambia, "Nyawira, kushoto. Sijasahau." Gari likaondoka, na mimi nikarudi ndani kumaliza uji kwa sababu Cucu alisema utapoa.

Wazo la vitambaa lilikuwa la mke wa Mzee Gachanja. Alisema kutoka juu watu hawaonekani, lakini kitu cheupe huonekana, na Mami atajua kazi ya mikono yake popote. Siku ya ndege wanawake wakaja na vitambaa vyao, vimefuliwa na kutiwa wanga, wengine wamevivua makochini alfajiri hiyo. Tukavitandaza kwenye mteremko, nanasi kando ya nyota, kila pembe ikawekewa kiazi ili upepo usichukue. Mteremko wote ukawa mweupe. Nilisimama katikati yake na gauni langu la Jumapili, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Halafu ukungu ukashuka. Haukushuka kwa hasira; ulikuja tu, kama mtu anayefunika sufuria. Kwanza Nyandarua ikaenda, ikaenda boma la ng'ombe, ukaenda mlango wa jikoni. Mwisho nikawa naona vitambaa vitatu vilivyokuwa karibu na miguu yangu.

Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, wana kazi zao. Cucu alibaki, akavuta shuka lake mabegani. Tukangoja. Kisha tukasikia mngurumo, mbali, ukija. "Ni hiyo!" Cucu akapiga kelele, yeye asiyependa kelele, na sote wawili tukapunga mikono juu, tukipungia ule weupe, mimi nikiita Mami, Mami, hadi mngurumo ukabadilisha gia kwenye mlima wa shule na tukajua kuwa ni lori la maziwa. Cucu alishusha mkono wake polepole. Hakucheka. Tukaanza kuokota vitambaa, vizito kwa maji, na ile harufu niliyoitaja ikapanda kutoka kwenye beseni.

Mami alipiga simu baada ya wiki kadhaa, kwa ile simu ya Cucu ya mulika mwizi, simu ndogo ya tochi, ambayo ilibidi uifunge kwa mpira isifunguke. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Aliongea na Cucu, nikamsikia Cucu akitaja vitambaa, kisha nikapewa simu. "Niliwaona!" akasema. "Vitambaa zote, nyeupe kabisa, na wewe umesimama hapo katikati. Nilikupungia." Nilimtazama Cucu, naye akatazama moto. Nilikuwa nimesimama ndani ya ukungu ambao sikuweza kuona hata mlango wa jikoni ndani yake. Nikasema, "Sawa." Sikukasirika, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza, ingawa sijui kama nitaweza. Kitu fulani kilizima tu, bila mshindo, kama taa ya koroboi mafuta yanapoisha. Aliposema atakuja Krismasi, nilisema sawa. Aliposema mwajiri amekataa, atakuja Pasaka, nilisema sawa. Ahadi ni deni, lakini mimi niliacha kudai. Alinisomesha, alimjengea Cucu nyumba ya mawe, Cucu akafariki na kuzikwa Mami akiwa hukohuko, na kwa kila jambo nilikuwa na neno lile moja, tayari mdomoni.

Alirudi nikiwa nimeshamaliza chuo. Sina malalamiko. Ni mama mzuri, mpole, mwenye mgongo unaouma, ambaye hubisha hodi kwenye mlango wa chumba changu ndani ya nyumba aliyoijenga yeye. Nami humwandalia chai yenye vijiko viwili vya sukari, kama anavyopewa mgeni, humwuliza usingizi ulikuwaje, naye hunijibu kwamba ulikuwa mzuri. Tunaishi kwa adabu. Watu wa kanisa hutusifu.

Mwaka huu kampuni ya maua ninakofanya kazi, karibu na Nanyuki, ilinituma Dubai kwenye maonyesho. Kuchagua kiti siku hizi ni kazi ya kidole: unafungua simu, ndege inachorwa yote, safu kwa safu, na unagusa kiti unachotaka. Nilikuwa sebuleni, Mami akimenya viazi. Nilijua mambo ambayo Mzee Gachanja hakuyajua, kwamba dirisha lililo juu ya bawa hukuonyesha bawa tu, na kwamba anayetaka kuona nchi hukaa mbele kabisa au nyuma kabisa, upande usiopigwa na jua. Nikagusa kiti cha mbele, kushoto, dirishani. Sikuwaza. Kidole kilikwenda chenyewe.

"Umechukua wapi?" akauliza.

"Kushoto."

Kisu kilisimama kidogo kwenye kiazi. "Na itapita saa ngapi?" Nikamwambia ni asubuhi, kama saa nne. Akaendelea kumenya.

Asubuhi hiyo hapakuwa na ukungu. Ndege ilipanda, mashamba ya Thika yakapita yakiwa mistari, mawingu machache yakabaki chini, na mlima ukaja. Ukaja kushoto. Lakini sikuujua. Vilele ninavyovijua tangu utotoni vilikuwa vimegeuka, mahali pa theluji palikuwa pamehama, na chini yake kulikuwa na korongo refu na kiziwa cheusi ambacho sikuwahi kusikia habari zake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba naangalia mgongo. Dereva alikuwa ameiacha nafasi nzuri akapita nyuma ya kabati. Uwanda wetu ulikuwa ng'ambo, umezibwa wote, na mbali zaidi palikuwa na mstari wa buluu ambao labda ulikuwa Nyandarua. Hata pasingekuwa na ukungu siku ile, hata vitambaa vingekuwa vikubwa kama mahema, Mami asingetuona. Nilitegemea kuhisi kitu. Nilibandika paji la uso kwenye kioo, nacho kilikuwa baridi, na hicho tu ndicho nilichohisi. Mhudumu akaniuliza chai au kahawa.

Nilimpigia nilipotua, nikiwa kwenye foleni ya pasipoti. Alipokea kabla simu haijalia vizuri.

"Ulituona?"

Neno la ndiyo lilikuwa tayari mdomoni, rahisi, na lingempendeza. Nikasema, "Hapana, Mami. Ndege hupitia ile upande ingine. Mlima ilikuwa mbele yenu."

Nilisikia jogoo wa Endarasha ndani ya sikio langu, katikati ya watu wenye masanduku.

"Najua," akasema. "Mtoto wa Gachanja alinionyesha kwa simu, kandege kadogo, kakipita huko kwa watu wa Meru. Lakini vitambaa nilikuwa nimeshatoa nje." Kisha sauti yake ikashuka. "Nyawira, ile siku yangu, mimi hata hiyo upande ingine sikuiona. Walituweka katikati, sisi wasichana wote, safu ya katikati. Dirisha ilikuwa mbali, na mzee mmoja alikuwa ameifunga alale. Nilimwita yule msichana wa ndege nikamwambia kushoto, kushoto. Akanionyesha choo."

Msimu mzima tulizungumza kuhusu kushoto na kulia, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ndege ina katikati. Siku hizi mtoto wa Endarasha huifuata ndege ya mama yake kwa simu hadi inapotua, hakuna atakayepungia lori la maziwa, na mama hawezi tena kusema niliwaona. Sijui kama wao watakuwa na bahati kuliko mimi. Wataujua ukweli mapema. Mimi wangu ulikuja umechelewa, nikiwa mtu mzima kwenye foleni, watu wa nyuma wakinisukuma nisogee.

"Basi," Mami akasema. "Acha nikaokote vitambaa kwa nyasi."

Nilitaka kusema sawa. Halikutoka. Nikatafuta kitu kingine cha kumwambia, nikakuta kwamba sikujua lolote kuhusu yeye la kushika, isipokuwa lile dogo la kila siku. Nikamwuliza huwa anatia vijiko vingapi vya sukari kwenye chai.

Alicheka kidogo, kwa mshangao. "Mimi huwa siweki," akasema. "Niliacha huko."